Malimau ya Mzee Popoola

Mzee Akanbi Popoola hakuja Siku ya Wakulima kula wali wa bure. Alikuja na gunia begani, akapita katikati ya wageni waliokaa chini ya turubai, akafika meza kuu ambako Taasisi ya utafiti wa kilimo ilikuwa imepanga maembe, mananasi na nyanya zake mpya za kujivunia, na akalimwaga gunia lote palepale. Malimau! Malimau makubwa, ngozi mabonde mabonde, yakabingirika hadi mapajani kwa mkurugenzi.

"Machungwa yenu haya," alisema. "Miaka sita nimeyatunza. Kuleni basi, mbona mnanitazama?"

Watu wakaangua kicheko. Hajja Rafatu Oyelade, msimamizi wa kitalu cha miche, hakucheka. Alikuwa ameingia Taasisi ile miaka ishirini na tisa nyuma, wakati ni kichaka chenye kibanda kimoja cha mabati na nyoka wengi kuliko wafanyakazi. Ameiona ikiota maabara, ghala la baridi la kuhifadhia mbegu, barabara za lami na madokta wasiojua hata kushika jembe. Waandike vitabu vyao wanavyotaka. Mkulima wa Alagbaa au wa Oke-Odo hajui kitabu, anajua mche, na kila mche wa chungwa uliotoka pale ulipita mikononi mwa Rafatu. Leo mzee mmoja mwenye kofia iliyochakaa anakuja kumwaibisha mbele ya watu mia tatu.

"Baba, miche yangu haizai malimau," alisema kwa sauti ya kusikika nyuma kabisa. "Jiulize shamba umelifanya nini."

"Nimelifanya nini? Nimelitukana?"

"Umeachia mbuzi wakala machipukizi ya juu, ya chini yakatawala. Wakulima wavivu nawajua tangu wakiwa getini."

"Mvivu? Mimi?" Mzee alivua kofia, akaivaa tena. "Wewe mwanamke umekosa adabu. Njoo shambani kwangu uone huo uvivu. Njoo, kama si mwoga!"

"Nitakuja! Na nikikuta alama ya jino la mbuzi, utarudi hapa hapa useme mbele ya hawa hawa kwamba umenisingizia."

Mkurugenzi, Dokta Omotunde, alikuwa akijifuta suruali. Bwana huyu alikuwa na hamu ya siku nyingi na kiwanja cha kitalu. Alitaka kujenga maabara ya pili, ile ya kukuzia mimea ndani ya vichupa, na alichokosa ni sababu tu. Akainama sikioni mwa Rafatu.

"Nenda, Hajja, kachunguze. Kosa likiwa lake, yamekwisha. Likiwa la kitalu, nakifunga mwezi huu."

Nyuma yao walisimama wanawake wanane wa kitalu, wale wanaobebesha miche, kuunga mti juu ya mti, kwa mkono kuanzia asubuhi hadi migongo inakataa kunyooka. Walisikia kila neno.

Jumamosi Rafatu akafika Alagbaa. Mke wa mzee, Mama Falilatu, alimwekea kigoda, akamletea eko, uji mzito wa mahindi, na akara za kunde za moto. Rafatu akakataa, hata maji hakunywa.

"Sikuja kula, mama. Nimekuja kuangalia miti."

"Haya, iangalie. Mimi nimeichoka kuitazama," alisema Mama Falilatu. "Kiangazi cha kwanza mume wangu aliibebea maji kichwani kutoka mtoni, kichwani kama mwanamke, vijana wakimzomea njia nzima. Eti asubiri, kuna machungwa yanakuja!"

Shamba lilikuwa safi kuliko uwanja wa Taasisi. Hilo lilimchoma Rafatu, maana alishajiandaa kukuta magugu. Miti mia na ishirini imesimama kwenye mistari iliyonyooka, miiba mirefu, matawi yamelemewa na malimau ambayo hakuna mtu anayeyataka.

"Onyesha mbuzi sasa," alisema Mzee Popoola.

"Wewe niachie nafasi. Ukinisimamia kichwani siwezi kufanya kazi."

Mzee akasonya, akaenda kukaa mbali kidogo na panga lake. Rafatu akachuchumaa kwenye mti wa kwanza, akafukua udongo kwa vidole. Mche wa chungwa ni miti miwili katika mmoja: chini ni limau, kwa ajili ya mizizi yake migumu, na juu ni jicho la chungwa lililochomekwa kwenye ganda na kufungwa utepe wa nailoni. Baada ya wiki tatu jicho likishika, utepe unafunguliwa. Rafatu alikuwa anatafuta kisiki cha chungwa kilichotafunwa.

Alikipata kisiki. Kilikuwa kimekauka, kinene kama kidole gumba, na hakikuwa na alama ya jino lolote. Chini yake kidogo, umezama ndani ya ganda hadi kwenye mti wenyewe, kulikuwa na utepe. Haukuwahi kufunguliwa. Mti ulikua ukajinyonga, chungwa likafa juu, limau likachipua chini na kujitwalia kila kitu.

"Yarabi!" alinong'ona.

Akauchokoa kwa kisu. Fundo lilikuwa limepinda kushoto. Wanawake wanane wa kitalu wote hufunga kwa mkono wa kulia. Anayefunga kwa kushoto ni mmoja tu.

Mwaka ule wa miche hii ukamrudia wote. Waziri alikuwa anakuja, amri ikatoka juu kwamba miche iwe barabarani kabla hajafika. Rafatu akafunga usiku na mchana, akijisifu kwamba hakuna wa kumshinda kwa wepesi. Malori yakapakia kabla ya wiki tatu kutimia. Alikusudia kupeleka ujumbe kwa wakulima kwamba wafungue tepe. Sherehe zikaja, pongezi zikaja, akasahau.

Mti wa pili, utepe. Wa tatu, utepe. Alizikunja zote tatu ndani ya kiganja. Mfuko wa vazi lake ulikuwa pale pale, na mzee mwenyewe hakuwa amewahi kufukua, hakujua hata cha kutafuta. Akisema mbuzi, ni mbuzi. Nani atambishia? Kitalu kingebaki, wale wanane wangebaki, na jina lake lingebaki. Alikitazama kile kiganja muda mrefu, akijichukia na kumchukia mzee pamoja na miti yake.

"Umewaona mbuzi?" Mzee Popoola alikuwa amesimama nyuma yake.

Rafatu alifungua mkono.

"Hakuna mbuzi, Baba. Ni huu. Ulipaswa kufunguliwa, nasi hatukuufungua. Hata kukuambia sikukuambia. Fundo ni langu."

Mzee alichukua utepe mmoja, akauvuta huku na huku, akauinua kwenye jua.

"Kitu hiki?"

"Hicho."

"Na ukaniita mvivu mbele za watu."

Hajja Rafatu alipiga magoti kwenye udongo, yeye ambaye hata mkurugenzi hajawahi kumpigia.

"Simama," alisema mzee. "Magoti yako hayazai machungwa."

"Mizizi bado ni mizima. Nitakuja mwenyewe nibebeshe upya, mti hadi mti. Miaka mitatu tu utakula."

"Miaka mitatu tu! Nina sabini na mmoja, mwanangu. Ulipaswa kunipa hii miaka mitatu wakati nilikuwa nayo." Alisema bila kufoka, na afadhali angefoka. Kisha akauliza, "Mwaka ule miche ilitoka mingapi?"

"Elfu nne."

"Yote ulifunga wewe?"

"Mingi."

"Mimi nimekuja kwa sababu sina haya. Hao wengine wako wapi? Mbona hawakuja?"

Rafatu alizitazama tepe mbili zilizobaki kiganjani. Aliwaona mmoja mmoja: bwana mmoja wa Oke-Odo aliyekuja na tawi la miiba kwenye gazeti, mjane aliyesafiri siku nzima, yule kijana aliyelia pale getini.

"Walikuja, Baba," alisema. "Niliwaambia ni mbuzi."