Herufi za Pikapu ya Mzee Hirbo

Saa tatu asubuhi Kalama aliruka kutoka kwenye bodaboda mbele ya duka la spea mjini Garsen, vumbi limemjaa hadi kwenye kope. Hata salamu hakumaliza.

"Dada, nipe mkanda wa feni wa Hilux D4D. Haraka, harusi inaningoja!"

Muna alikuwa peke yake dukani. Ubeid, mwenye duka, alikuwa amekwenda Malindi kuchukua mzigo, na ilikuwa mara ya kwanza kumwachia Muna funguo.

"Mkanda wa zamani uko wapi, nilinganishe?"

"Umekatika tukiwa mwendoni, ukarukia huko vichakani. Gari liko njiani, kule upande wa Wenje. Lina maziwa, lina sufuria, lina bibi zake bwana harusi. Nikah ni leo Adhuhuri, Minjila."

Nyuma ya Muna ilining'inia mikanda ya aina nyingi. Wa D4D ulikuwa mpana, mmoja tu, wenye mifereji midogo upande wa ndani. Aliutazama, lakini hakuushika.

"Umejuaje kuwa ni D4D?"

"Imeandikwa nyuma ya gari. Herufi nyekundu, kubwa hivi!"

"Ukiwasha injini asubuhi, inatulia?"

"Itulie wapi! Inatetemesha mpaka meno." Kalama akacheka kidogo, kisha akanuna. "Lakini mimi nimeanza kuliendesha jana tu, dereva wao anaumwa. Wewe nipe mkanda, dada. Mambo ya injini tuachie madereva."

Muna aliyasikia hayo kila wiki, na hayakumwuma tena. Alikuwa na daftari alilojaza mwenyewe mwaka mzima kwa kusoma maboksi ya spea na vibati vya magari yaliyoegeshwa nje.

"Stika hubandikwa na yeyote," alisema. "D4D ni injini ya kisasa, haitetemeshi hivyo. Nikikupa mkanda usiokaa, utarudi hapa na watu wameshakula pilau wakamaliza. Nipigie aliyebaki na gari."

Aliyebaki ni Mzee Hirbo, mwenye gari na babu yake bwana harusi. Simu yake ilikuwa kabambe, ile ndogo ya vibonye, haina kamera. Alipokea akipiga kelele, na nyuma yake zikasikika sauti za wanawake wakiimba na kupiga makofi.

"Shikamoo babu. Mimi ni Muna wa dukani. Fungua boneti, uangalie ukuta ulio nyuma ya injini. Kuna kibati kimepigwa ribiti. Nisomee kilichoandikwa."

Wimbo ukakatika.

"Binti yangu," Mzee Hirbo alisema polepole, "namba nazijua, za simu. Herufi sikusoma."

Muna akafikiri haraka. Mzee huyu, kwa lafudhi yake, alikuwa Muorma kama babu yake mwenyewe, mtu wa ng'ombe tangu azaliwe.

"Babu, wewe unasoma chapa za ng'ombe, sivyo?"

"Chapa? Naisoma nikiwa mbali, ng'ombe akiwa anakimbia!"

"Basi fanya kile kibati ni ubavu wa ng'ombe. Niambie chapa yake."

Mzee akacheka hadi akakohoa. Kisha sauti yake ikawa nzito, ya mtu aliye kazini. "Ya kwanza ni fimbo imesimama, chini ina mguu mmoja unaokwenda kulia."

"L," Muna aliandika.

"Ya pili ni vijiti viwili vimesimama, na cha tatu kimelala mshazari katikati."

"Kinaanzia wapi?"

"Kichwani mwa cha kwanza, kinaangukia mguuni mwa cha pili. Bibi Asli hapa anasema hiyo ni chapa ya wajomba zake." Sauti ya bibi ikapenya simuni: "Ni ya wajomba zangu kabisa!" Mzee akamkatiza: "Nyamaza, mama, yao ina mkia. Halafu namba: moja, sifuri, sita."

"LN106," alisema Muna akiandika. "Babu, kuna pahali pengine panapoanza na tatu?"

"Papo. Tatu, halafu ile fimbo yangu yenye mguu."

"3L! Hilo ndilo jina la injini. Sasa angalia mbele yake, pale mkanda ulipokuwa. Ile puli ina mifereji midogo mingi, au miwili mikubwa?"

"Miwili. Kidole changu kinaingia."

Muna aliiweka simu kaunta akamgeukia Kalama. "Herufi ya kwanza ni ukoo wa injini. Hii ni ya ukoo wa L, dizeli ya zamani, ngumu kama jiwe. N maana yake ni Hilux. Ingekuwa D4D, kibati kingeanza na K." Akashusha mikanda miwili myembamba. "Hii ndiyo yenu. Mwingine usingekaa hata ukiupiga nyundo."

Kalama alitazama mikanda, akamtazama Muna. "Dada, nisamehe," alisema, akapanda pikipiki mbio.

Saa sita kasorobo, honi ilipasua mtaa. Pikapu nyeupe ilisimama mbele ya duka ikinguruma na kutetemeka, na nyuma bibi wanne walikuwa wamezungukwa na sufuria na vibuyu vya maziwa, wakipiga vigelegele. Mzee Hirbo aliteremka na bakora yake.

"Yuko wapi msomaji wa chapa?"

Muna alijitokeza, mikono ina grisi. Mzee alimshika kichwa kwa viganja vyote viwili, akamwombea dua ndefu.

"Funga duka, binti. Twende tule."

Muna alimpigia Ubeid. Ubeid aliisikiliza habari yote, akacheka, akasema afunge hadi Alasiri.

Minjila, baada ya nikah, wanaume watatu walimvuta pembeni wamfungulie boneti zao. Mmoja, aliyejisifu miaka mingi kuwa injini yake ni kubwa kuliko zote Garsen, aliambiwa na Muna mbele ya shemeji zake kuwa ni ndogo kuliko ya Mzee Hirbo, na kicheko kikaenea uwanja mzima. Bibi Asli akaja akamkamata Muna mkono.

"Waache na vyuma vyao," alisema. "Wewe njoo ucheze."

Akacheza kwelikweli, mpaka kamba ya kiatu ikakatika, akavua na cha pili, akaendelea.