Sketi ya Ngazi Arobaini

Kwa maelezo ya jirani, yule ambaye mtaa mzima ulimwita Redio kwa kuwa hazimiki, mambo yalikuwa hivi: alipokwenda hija, alifika kwenye nyumba alimozaliwa mtakatifu, akabusu kizingiti. Akaingia jiko la watawa ambamo mtakatifu alipika maisha yake yote. Kisha akapanda kwa magoti zile ngazi arobaini za mawe ambazo mtakatifu alizipanda kila alfajiri na ndoo ya maji. Ngazi ya mwisho, goti lake bovu likalia ko! Uvimbe ukanywea kama mpira uliotobolewa.

“Sasa naruka kama mbuzi,” alisema, akiwa amekaa.

Mama alimeza kila neno. Binti yake, dobi, aliendelea kupiga pasi, sikio limesimama.

Alhamisi mama alitakiwa hospitali kutolewa mtoto wa jicho la kulia; la kushoto lilishakufa. Daktari alisema wasichelewe, litapotea na hilo. Lakini basi la mwisho la mahujaji mwaka huo lilikuwa liondoke Jumatano.

“Hospitali haihami, mwanangu. Msimu wa hija ni mara moja kwa mwaka.”

“Na jicho, mama, ni mara ngapi?”

Redio akacheka. “Mwache huyo! Hata malaika akimtokea atamdai kitambulisho.” Akaacha furushi lake la nguo. “Sketi nyeupe ndiyo niliyopandia ngazi. Ifue taratibu, ina baraka.”

Dobi mzuri haloweki nguo kabla hajaisoma. Binti aliipeleka sketi dirishani, akaipekua pindo kwa pindo. Mwaka uliopita alifua suruali ya hujaji mmoja mzee. Magoti yalirudi kama chujio. Hii mbele ilikuwa laini, hata uzi mmoja haukuchomoka. Akaigeuza. Nyuma, pale pa kukalia, mistari miwili ya rangi ya kijani, imenyooka kama reli.

Alifua, akaanika, akasubiri.

Jumanne Redio akaja kuchukua nguo zake.

“Mama mdogo, siku ile ya ngazi hukubadilisha sketi?”

“Nibadilishie wapi, mwanangu, katika umati ule?”

“Basi samahani. Rangi ya benchi imegoma kutoka.”

Redio aliitazama ile mistari. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane, redio ilizimika. Kisha sauti ikarudi, chini kabisa.

“Ngazi ya tatu tu, goti likakataa. Nikakaa kwenye benchi pale chini, nikasali rozari yangu. Nilisali kweli.”

“Na goti?”

“Usiku silali.”

“Sasa kwa nini, mama mdogo?”

“Jumuiya nzima ilinisindikiza kwa nyimbo. Ningerudi kuwaambia nini? Kwamba nimekalia benchi?”

Kutoka chumbani, ambako mfuko wa safari ulishafungwa, mama akaita: “Huyo ni Redio? Muulize kama huko kuna baridi, nibebe sweta!”

Binti akasogea karibu.

“Mimi hanisikii, ananiona mtoto asiye na imani. Wewe atakusikia. Ingia umwambie ulikaa. Hilo tu, mama mdogo. Nakuomba.”

Redio akaikunja sketi mara mbili, akaikunja tena mara nne, macho yake kwenye pazia la chumba.

“Jamani,” mama akaita, “mbona kimya?”

Redio akaendelea kukunja.