Majani ya Kunde na Mguu wa Mbaluka

Mbaluka alikuwa fundi wa viatu sokoni Kwa Vonza, mtu wa kukaa kwenye kigoda kutwa nzima akishona soli. Mwaka jana damu iliganda ndani ya mguu wake wa kushoto, akalazwa hospitalini Kitui siku tisa. Alirudi nyumbani na tembe za warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, pamoja na onyo ambalo mkewe Kasiva hakulisahau: donge likimeguka likapanda hadi kwenye mapafu, mtu anaweza kufa kabla ya kumfikia daktari.

Tangu siku hiyo Kasiva hakutulia. Mumewe akikohoa bafuni, yeye tayari yuko mlangoni. Akichelewa kutoka sokoni, simu inaita.

Ndiyo maana mwezi wa nne, mgeni aliyekuja kufundisha akina mama kanisani aliposema kwamba mboga za majani zina antioksidanti, yaani viini vinavyosaidia kulinda kuta za mishipa ya damu zisiharibike, Kasiva aliandika kila neno. Hatimaye alipata jambo la kufanya kwa mikono yake mwenyewe. Alipanda kunde, terere na managu kwenye magunia nyuma ya jikoni, mvua ikasaidia. Mbaluka, ambaye miaka yote alikula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, na mboga kidogo pembeni, sasa alipakuliwa mlima wa majani, mahindi yenyewe hayaonekani. Asubuhi uji wake ulitiwa unga wa majani ya mlonge.

"Mama Kanyiva, nimekuwa mbuzi?" alimuuliza, akimwita kwa jina la mtoto wao. Lakini alikula chote, kwa sababu aliona jinsi mkewe anavyomtazama.

Siku ya kliniki ya kupimwa damu ilipofika waliiruka. Viatu vya wanafunzi vilikuwa vimejaa kibandani, na Mbaluka alijisikia mzima kabisa. Kasiva ndiye aliyesema, "Si utaenda tu mwezi ujao."

Wiki tatu baadaye, Jumanne asubuhi, alimwona mumewe akihangaika kuingiza mguu kwenye kiatu. Mguu wa kushoto.

"Nini hiyo?"

"Ni uchovu tu."

Kasiva alipiga magoti akashika muundi. Ulikuwa umevimba, ngozi imebana, na moto aliusikia kiganjani. Alitoka mbio hadi kwa jirani yao Munyao kuomba awapeleke hospitali kwa gari lake, Probox.

Njia nzima hadi Kitui alikaa nyuma na mumewe, mkono kifuani pake, akisikiliza kila pumzi. Mbaluka alipokohoa mara moja, Kasiva aliita, "Munyao, kanyaga!"

"Ni vumbi," Mbaluka alisema. Hakuamini hata yeye mwenyewe.

Hospitalini walipokelewa na daktari kijana aitwaye Ismahan. Alimpima damu, akampeleka kupigwa picha ya mguu, kisha akarudi na karatasi mkononi.

"Mzee, kipimo cha kuganda kwa damu yako kinatakiwa kisome kati ya mbili na tatu. Leo kinasoma moja nukta tatu. Ni kama hunywi dawa. Na kuna donge jipya."

"Nakunywa kila siku, daktari."

"Hakuna kilichobadilika? Dawa nyingine? Chakula?"

Mbaluka alimtupia mkewe jicho la haraka. "Hakuna. Tunakula kawaida tu."

Kasiva alijua kwa nini mumewe amesema hivyo. Hata sasa, donge likiwa mguuni, alikuwa anamkinga yeye.

"Anadanganya," alisema. "Nimebadilisha mimi. Nimemlisha majani asubuhi, mchana na jioni, na unga wa mlonge juu yake. Niliambiwa yanalinda mishipa. Daktari, ni mimi nimemfanyia hivi?"

Ismahan alivuta kiti akakaa karibu naye.

"Mama, hukudanganywa. Mboga ni nzuri kwa mishipa. Lakini majani hayo yana pia vitamini K, ambayo husaidia damu kuganda, na dawa yake inafanya kazi kwa kuipinga hiyo. Tulipanga dawa kulingana na chakula chake cha zamani. Chakula kikaongezeka ghafla, dawa ikashindwa, na hamkuja tuone. Asiache mboga. Ale kiasi kilekile kila siku, na ukitaka kubadilisha kitu, tuambie kwanza."

Mbaluka alidungwa sindano siku sita huku dawa ikirekebishwa. Kila asubuhi Kasiva alifika wodini akiwa amebana pumzi mpaka aone blanketi likipanda na kushuka. Siku ya nne uvimbe ulianza kupungua.

Nyumbani alichagua bakuli moja dogo, likawa ndilo kipimo cha mboga cha kila siku. Unga wa mlonge aliwapa kuku.

Siku ya kliniki iliyofuata hakuweza kuingia ndani. Alikaa kwenye benchi la nje mpaka Mbaluka akatoka, akitembea polepole.

"Mbili nukta nne."

"Rudia."

"Mbili nukta nne, Mama Kanyiva."

Kasiva aliinamisha uso kwenye leso akalia, watu wakigeuka kutazama. Alipoweza kusema, alikuwa amekasirika.

"Siku nyingine usithubutu kumdanganya daktari kwa ajili yangu."

"Ningesema nini? Kwamba mke wangu amenipenda kupita kiasi?"

"Ungesema majani," alijibu Kasiva, akainuka, akamshika mkono wakaelekea dirisha la dawa.