Saini ya Baba Siku ya Tatu ya Matanga

Jamani, nnalotaka kukuhadithieni hamtaliamini. Mie mwenyewe nikiliangalia kwenye simu naona kama limemtokea mtu mwengine. Baba yangu ametia saini kibali cha kuingiza kemikali siku tatu baada ya kuzikwa. Skrinshoti nnayo. Jumapili, saa nne na dakika kumi na moja asubuhi.

Ngojeni nianze mwanzo.

Baba, Mahfoudh, alikuwa mtu wa dhamana kwenye kampuni ndogo ya mtaa wa Ghubra inayoingiza kemikali za viwandani. Toluini hasa, ile inayotiwa kwenye rangi na gundi, ukiivuta sana kichwa kinazunguka. Huingizi hata pipa moja mpaka awepo mtu aliyesoma kemia, kaandikishwa kwa jina lake, aseme: mzigo huu nimeukagua, makaratasi yake ya kweli, likitokea lolote niulizeni mie. Baba kayasema hayo miaka kumi na tisa.

Siku hizi saini si kalamu. Kampuni inapeleka maombi kwenye mtandao, simu ya mtu wa dhamana inalia, inaonesha mzigo gani, anaweka namba nne za siri, khallas, kasaini. Sasa Baba macho yalishaharibika kwa sukari. Skrini haioni. Kwa hivyo aliyekuwa akiweka zile namba ni mie, miaka minne. Namba zenyewe siku na mwezi niliozaliwa.

"Wewe Rawan," alikuwa akinitania, "siku utakayozikwa tutakutilia na chaja."

Lakini hakuwa mtu wa kusaini hivi hivi. Lazima kwanza Leodegar, mtunza ghala wao, Mtanzania wa Bukoba, ende Sohar bandarini apige picha ya lebo ya pipa. Si pipa la mbele. Pipa la ndani kabisa, ambalo mtu mvivu halifikii. Baba anakaa kwenye kochi lake, kafumba macho, mie nnamsomea. Namba ya kwenye lebo: moja mbili tisa nne. Namba ya kwenye karatasi: moja mbili tisa nne. Tarehe. Jina la kiwanda. Nikimaliza ananyamaza kidogo, halafu anasema, "Haya, tia." Ndo nnatia.

Alkhamis asubuhi akaanguka ghalani. Leodegar akambeba mikononi, akamtia kwenye pikap, akamkimbiza hospitali. Alasiri tukamzika. Ijumaa na Jumamosi, ndo wikiendi ya huku kwetu, ofisi za serikali zimefungwa, na kaka yangu Safwan akasema karatasi ya hospitali ataipeleka Jumatatu, matanga yakimalizika. Yaani serikalini Baba alikuwa bado hai.

Jumapili wanaume wapo sabla, ule ukumbi wa kupokelea pole, wanawake wapo nyumbani kwetu Mabela. Nnapitisha sinia la tende. Simu ya Baba ipo mfukoni mwangu, kwa sababu watu walikuwa bado wanaipiga. Ikalia. Nikaitoa.

Mapipa themanini, toluini. Kubali. Kataa.

Nikaiangalia. Sikuhisi kitu. Tangu Alkhamis nilikuwa sihisi kitu, nakula wali najua ni wali kwa sababu nauona.

Haukupita muda ikalia simu yangu. Ami Humam, mwenye kampuni, yupo nje ya geti. Nikatoka.

"Rawan, mwanangu. Umeona kitu kwenye simu ya marehemu?"

"Nimeona, Ami."

"Yale maombi tuliyapeleka Jumatano, yakingoja picha ya Leodegar; leo simu inakumbusha tu. Yeye yupo. Aliyajua."

"Hamna mtu mwengine wa kusaini?"

"Kumwandikisha mtu mpya miezi miwili. Muda wa maombi unakwisha leo. Bila ya saini mzigo unarudishwa, wanakuja kuuliza mtu wetu wa dhamana nani, na kibali cha kampuni kinasimama." Akaangalia viatu vyake. "Wallahi sikulazimishi. Lakini aliyekuwa akitia si yeye. Ulikuwa wewe."

Hilo ndilo lililonikaa.

"Na Leodegar?"

"Karatasi zake za kuishi hapa ziko juu ya kampuni. Tukisimama sisi, na yeye kwao."

Nikarudi ndani, nikampigia Leodegar. Nilitaka kusikia mtu ananiomba, au ananikataza.

"Kaka Leodegar, uko wapi?"

"Niko Sohar, dada. Pole tena."

"Nitumie picha ya lebo."

"Nimeshaituma, dada, iko kwenye simu ya mzee. Pipa la ndani. Nimetambaa juu ya mengine mpaka suruali imechanika."

"Kakwambia nani upige?"

"Hakuna. Ni utaratibu wake tu. Sisemi utie, dada. Usije ukasema Leodegar alisema tia."

Nikakaa kwenye kochi la Baba. Nikafungua picha. Nikasoma kwa sauti, kama kawaida. Moja mbili tisa nne. Moja mbili tisa nne. Tarehe. Kiwanda. Kila kitu sawasawa. Nikangoja.

Shangazi Shariffa akanigeukia. "Unasoma nini wewe?"

"Namba, shangazi."

"Msomee babako Yasin. Namba hazimfai sasa."

Nikawaza nibonyeze Kataa, mambo yaishe. Lakini kukataa pia ni saini. Ingekuwa Baba kakataa mzigo ambao hauna kosa. Na nikiiacha mpaka muda uishe, ndo Leodegar anafunga mizigo.

Nikaweka siku. Nikaweka mwezi.

"Ahsante, Mahfoudh. Saini yako imepokelewa."

Nikapiga skrinshoti. Sijui kwa nini, mkono umezoea. Nikanyanyuka, nikaendelea na tende.

Jumatatu Safwan akapeleka karatasi ya hospitali. Jumatano simu ya Baba ikalia tena. Bi Bashayer, anayeshika mafaili ya kemikali kule serikalini. Kila mwezi alikuwa akizungumza na Baba, Kiswahili chake cha kwetu kabisa.

"Wewe Rawan? Nimesikia habari. Mungu amrehemu, mtu mzuri yule."

"Amin."

"Sikiliza. Nna kitu hapa hakikai. Mtandao unanambia kafariki Alkhamis, halafu kasaini Jumapili. Nadhani hospitali wamekosea tarehe. Kama wamekosea niambie, watairekebisha, haina neno."

Kanifungulia mlango, nyie mnaona. Nilikuwa nipite tu.

"Hawajakosea," nikasema. "Nimesaini mie."

Nasikia watu wa ofisini kwake wanacheka jambo lao huko nyuma.

"Hii moja tu?"

Hapo ndo nikaelewa swali lenyewe. Nikisema hii tu, Baba anabaki msafi, mwenye kosa mie. Nikisema kweli, kila saini ya miaka minne ina mkono wangu.

"Zote," nikasema. "Tangu macho yalipoharibika. Lakini alikuwa akisema tia, ndo nnatia. Hii ndiyo hakusema."

"Yaa Rawan," akasema, taratibu. "Njoo kesho. Uje na simu zote mbili."

Mafaili ya Baba yote yakatolewa kabatini. Kibali cha kampuni kikasimamishwa. Ami Humam hajanisalimu mpaka leo, na simlaumu. Leodegar akapewa wiki tatu aondoke nchini.

Katika hizo wiki tatu alikwenda kwa Bi Bashayer mara mbili, hakuitwa na mtu. Alikuwa hajafuta picha hata moja. Miaka minne ya mapipa ya ndani, simu imejaa mpaka hana nafasi ya picha za wanawe. Wakakaa wakalinganisha, mzigo kwa mzigo. Barua iliyokuja mwisho ilisema mizigo yote imethibitika sahihi, saini zote ni batili, na mie nimepewa onyo. Mama kaikunja, kaiweka ndani ya msahafu.

Nilimpeleka Leodegar uwanja wa ndege mwenyewe.

"Una hasira na mie?" nikamuuliza.

"Dada, ulitia saini kwa ajili yangu, ukasema kweli kwa ajili ya mzee. Sasa mimi nikasirikie lipi?" Akashusha sanduku. "Ila ile suruali iliyochanika, nakudai."

Nilitaka kucheka. Sura ilifanya kama inacheka.

Simu ya Baba bado nnaichaji kila siku. Laini imeshakatwa, hailii. Nnafungua ile picha ya mwisho nnaisoma, moja mbili tisa nne, halafu nnangoja.

Sasa niambieni nyie, na msinipambe. Umekaa kwenye kochi la babako, mzigo hauna kosa, namba unazijua, na aliyekuwa akisema tia hayupo. Ungetia? Na Bi Bashayer alipouliza hii moja tu, ungemjibu nini?