Koti la Tobia

Nilikuwa nimeshaliacha lango la Raheli, nashuka kwenye misonobari ya Shume, mfuko begani, Evelina aliponiona kutoka kwenye kabichi zake.

"Shikamoo, babu. Safari?"

"Marahaba. Safari."

"Bila koti? Baridi hii itakula mifupa, maana nyama yenyewe huna."

"Koti si langu," nikamwambia.

Akainama, akaendelea kupalilia. Alijua nasema koti lipi. Simlaumu. Aliona alichokiona.

Mimi nimetembea sana. Nimekata mkonge, nimepasua mbao, nimechuma chai, na kote huko nimelala chumba cha mtu. Cha Raheli kilikuwa uani, nyuma ya jiko. Nilimchanjia kuni na kumzibia banda la mbuzi, tukaelewana hivyo. Pale ndipo kwa mara ya kwanza nilipoanza kuona kwamba huenda sitaondoka. Nilipanda mche wa mpeasi ukutani. Mtu haoteshi peasi mahali anapopita.

Raheli alikuwa anashona nyumbani. Cherehani yake ya miguu ilikaa dirishani, na ukungu ukiondoka mwanga ulikuwa unaiangukia vizuri. Watu walimletea mitumba: suruali za Wazungu warefu akate miguu, sketi za shule apunguze kiuno, mabegi yaliyokufa zipu. Mumewe, Tobia, alishuka Dar na lori la kabichi miaka mingi nyuma, hakupanda tena huku milimani. Simu yake haikupatikana. Habari zake zililetwa na mdogo wake, Kristofa, mpakiaji wa malori, aliyekuwa akimwona sokoni huko Dar mara mojamoja.

Tobia aliacha koti zito la sufu, la kijivu. Kristofa akisema, "Kaka kanenepa," Raheli anafumua ubavuni anaachia. Kristofa akisema kakonda, anapunguza. Ukiligeuza ndani ungeona matundu ya sindano mistari kwa mistari, kama njia za panya shambani. Ziada ya kitambaa hakuikata kamwe. Aliikunja ndani ya mshono, akaiita akiba.

Lakini koti halipimwi hewani.

"Mzee Ismaili," alikuwa ananiita, "njoo niazime mwili."

Nasimama katikati ya chumba, yeye pini mdomoni, ananizunguka.

"Usijaze kifua. Tobia hana kifua hicho."

"Tobia wa mwaka gani?"

"Nyamaza, nitakuchoma."

Na alinichoma kweli, halafu akacheka. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa akinishika mabega. Nilikuwa namsubiri Kristofa alete habari kuliko hata Raheli alivyomsubiri.

Siku moja Kristofa akasema kaka yake sasa ana tumbo la bosi. Raheli akaachia akiba yote. Nilipolivaa, koti likanikaa kama nilizaliwa nalo. Mvua ikashuka ghafla.

"Nguo za watu!" akapiga kelele, maana kamba ya uani ilikuwa imejaa kazi za wateja.

Nikakimbia nje vilevile nilivyo. Nilipokuwa naziokoa na mvua, Evelina alipita barabarani. Akanitazama, akaweka mkono mdomoni, akaenda bila kunisalimu. Nilidhani ni mvua.

Huku koti la mume halivaliwi na mwanamume mwingine wakati mwenyewe yu hai. Ndugu hugawana nguo zake siku ya kumaliza msiba. Nalijua hilo, na Raheli alilijua kunizidi. Tulizifikiria nguo za watu, tukalisahau la mtu mmoja.

Asubuhi wanawake wakaja, wakaingia uani. Kuni kichwani, unga, maharage, wimbo wa msiba kwa sauti ya chini. Raheli akafungua mlango, futi ya kupimia shingoni.

"Pole, mama," Evelina akasema huku analia. "Mbona ulilibeba peke yako?"

"Nini?"

"Tobia."

Raheli akashika mwimo wa mlango. Nilimwona akiamini. "Nani kawaambia? Kristofa kapiga simu?"

Wakatazamana. Wakamtazama Evelina. Evelina akanitazama mimi, nimesimama mlangoni pa chumba changu.

"Nilimwona mzee na koti," akasema.

Raheli akacheka, peke yake. "Nilikuwa nalipima! Hajafa jamani, nilikuwa nalipima tu!"

Bibi mmoja akauliza, "Na hizi kuni turudi nazo?"

"Ziwekeni. Mmeshabeba."

Wakaweka haraka. Hakuna aliyekubali chai.

Mchana kutwa cherehani ililia. Jioni akaniita, ila hakusema habari ya kuazima mwili. Alisema, "Ingia." Akanishikia koti. Mkono wangu ulifika kiwiko ukakwama. Akavuta, mabega yakakataa.

"Kristofa kasema kakonda?"

"Kristofa hajasema kitu." Akaonyesha chini. Vipande vyembamba vya kijivu vilikuwa vimetapakaa chini ya meza. "Nimeikata akiba yote. Hiki ndicho kipimo alichoondoka nacho."

"Na akirudi na tumbo lake?"

"Litaisha humuhumu ndani."

Nikalivua, nikaliweka kitini.

"Wamenililia mume aliye hai," akasema. "Nami nikaamini, mzee. Kitambo kidogo, lakini niliamini."

Nikasubiri aseme neno juu yangu. Akachukua sindano, akajaribu kutunga uzi. Siku zote hiyo ilikuwa kazi yangu, macho yangu bado yana nguvu. Uzi ukakosa tundu, akaulamba, ukakosa tena. Nilinyoosha mkono. Hakunipa.

Kulipopambazuka nikafunga mfuko wangu.

Tobia hakurudi. Kristofa alimwona mara moja tena sokoni, baadaye hakumwona, na sasa ameacha malori, analima viazi. Evelina alipata aibu, nguo zake siku hizi anazipeleka kushonesha Rangwi. Raheli bado anashona, na koti liko msumarini nyuma ya mlango. Chumba cha uani anawekea kuni. Mpeasi umeshika, nasikia, ila haujazaa. Mimi niko Zirai, nalinda shamba la iliki la mtu. Baridi ya huku si ya koti.