Barua ya Mwalimu Aliyemfelisha

Kwenye maabara ya kupimia vifaa vya ujenzi walimwita Mama Zege, na jina likamkaa. Kwa miaka minane kazi yake ilikuwa kuvunja tu. Wajenzi wa maghorofa walileta vipande vya zege vya pembe nne, yeye akaviweka kwenye mashine, akaongeza nguvu polepole mpaka kipande kipasuke, kisha akaandika namba. Katika kuvunja huko akagundua jambo: mchanga wa machimbo fulani ulitoa zege linalopasuka mapema, hata saruji ijazwe vipi. Akauliza sababu, hakuna aliyejua. Basi akapiga moyo konde: atarudi chuo kikuu kusoma shahada ya uzamili, alitafute jibu mwenyewe.

Kikwazo kilikuwa karatasi ya matokeo yake ya zamani. Mwaka wa kwanza alama zake zilikuwa safi na mwaka wa mwisho zilikuwa za juu kabisa, lakini pale katikati palikuwa na shimo. Somo la takwimu alilifeli, akalirudia, akalifeli tena, na mara ya tatu akapita kwa kuchungulia.

"Waambie uliumwa," dada yake mkubwa alimshauri. Dada huyo alikuwa karani wa ofisi, na barua za maombi alizijua nje ndani.

"Dada, nilikuwa mzima kabisa. Nilikuwa nacheza mpira wa wavu asubuhi na jioni."

"Sasa hilo utaliandika?"

"Ndiyo. Kwa mstari mmoja."

Fomu ilitaka pia barua ya mhadhiri aliyemfundisha. Dada akataja wale waliompa alama nzuri. Mama Zege akakataa. "Hao watasema yaliyomo kwenye karatasi tayari. Mimi naenda kwa Panga."

Panga ndilo jina ambalo wanafunzi walimpachika mwalimu wa takwimu, kwa jinsi alivyokata alama bila huruma. Alimkuta ofisini kwake, ghorofa ya tatu, amezungukwa na marundo ya mitihani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umekuja kulalamikia alama?"

"Kwa hilo nimechelewa, Mwalimu. Imepita miaka minane tangu nimalize."

Alipomweleza shida yake, mzee akafungua kabati, akatoa daftari kuukuu, akafuata majina kwa kidole. "Kumi na tisa. Thelathini na moja. Hamsini na mbili," akasoma. "Sasa unataka niandike nini?"

"Ukweli. Ila kwanza tazama hizi."

Akamtandikia mezani kurasa kumi na nne: vipande mia sita vya zege, mchanga wa kila kimoja, nguvu iliyokipasua, na hesabu alizozifanya mwenyewe. Panga akashika kalamu nyekundu. Akasoma ukurasa kwa ukurasa, kisha akazungushia namba moja duara.

"Hapa umekosea."

Mama Zege akainama, akatazama. "Hapana, Mwalimu. Hapo nimeviondoa vipande vilivyokuja na ufa. Maelezo yako chini ya ukurasa."

Mzee akasoma chini ya ukurasa. Akairudia hesabu pembeni, akaifunika kalamu.

"Takwimu hizi nani kakufundisha?"

"Wewe, Mwalimu. Mara tatu."

Panga akacheka mpaka akavua miwani.

Barua aliyoiandika ilikuwa fupi: "Mwanafunzi huyu nilimfelisha mara mbili, na mara zote alistahili. Juzi nilijaribu kumkosoa, nikakosolewa mimi. Kazi aliyonayo mkononi nimeikagua, imesimama. Mpokeeni."

Majibu yalikuja baada ya wiki saba. Amekubaliwa, kwa sharti moja: muhula wa kwanza asome takwimu za juu, na asipofaulu aondoke.

"Wanakutega hao," dada yake akasema, roho juu.

"Wana haki ya kuniuliza," Mama Zege akajibu, "na mimi nina la kuwajibu." Akatia saini, akapanga na mkuu wa maabara awe anaingia kazini mchana.

Siku ya kwanza alipoingia darasani na rundo la mafaili kwapani, vijana wote wakanyamaza, wakadhani mhadhiri kafika.

"Endeleeni, jamani," akawaambia, akivuta kiti cha mbele. "Na mimi nimekuja kusoma."