Mhariri Abarikiwa

Mwaka wa 2003 Selpha aliamua kwamba wanawake wa Kitengela hawajui kuvaa, na ati Mungu amemtuma yeye. Mungu ana kazi nyingi, sidhani alipata nafasi ya kupita kwenye nyumba yake ya kukodi nyuma ya soko. Lakini Selpha akaanzisha jarida, yeye na rafiki yake Lorine mwenye kamera, wakaliita Vazi la Heshima. Kila ukurasa ulikuwa Selpha: Selpha na sketi ndefu, Selpha na kofia ya harusi, Selpha akitufundisha namna ya kukaa kwenye kiti. Tulikuwa kanisa moja, kwa hivyo nilivumilia.

Halafu akataka Mmaasai. Aliniambia jarida bila Mmaasai haliwezi kwenda popote huku Kajiado, nimpeleke kwa mama yangu, Kisaju. Nikampeleka, mimi mjinga. Mama anaitwa Namunyak, mjane wa mzee Kisemei, na wakati huo kanisa lake lilikuwa linataka kumchagua mwenyekiti wa akina mama. Aliwapikia chai ya maziwa matupu. Watoto wangu walimkimbilia wakainamisha vichwa, akawagusa utosini, kwa sababu kwetu mtoto husalimiwa kichwani. Mtu mzima hupewa mkono. Selpha akasema lo, hiyo baraka ya Wamaasai inapendeza. Mtu wa kuandika jarida si angeuliza?

Lorine akampiga mama picha na shuka zake na shanga. Kisha Selpha akatoa suti ya kijivu kwenye mfuko, akamwomba aivae apigwe nyingine. Mgeni kwetu hakataliwi, mama akavaa. Shuka zake humfunika mpaka kwenye vifundo vya miguu. Hiyo suti ya heshima iliishia chini ya magoti kidogo, na nikaona miundi ya mama yangu mara ya kwanza tangu nizaliwe.

Siku chache kabla ya uzinduzi nikaletewa nakala. Picha mbili za mama, ubavu kwa ubavu. Chini ya ile ya shuka waliandika: Kabla, uchi wa kienyeji. Chini ya ile ya suti: Baada, mwanamke wa heshima. Nilienda kwa Selpha nikamwambia atoe huo ukurasa, kwani akina mama wa Kisaju wakiuona, mama atakuwa kichekesho na uenyekiti atausikia kwa redio. Akanijibu, huku akijikanda mikono na mafuta, kwamba jarida limeshachapwa, na tena nishukuru, mama ametolewa gizani. Ametolewa gizani na nani? Na huyu aliyeanika miguu yake?

Nikamsomea mama maneno yote. Akauliza uzinduzi ni lini, akaenda kuwaambia wenzake wajitayarishe.

Wakaja Kitengela, akina mama wa Kisaju, shuka safi na shanga mpaka kifuani, wakajaza viti vya mbele vya ukumbi wa kanisa. Selpha alisimama akipokea wageni na kofia pana kama sinia. Mama akapita kwenye mstari akisalimia. Mke wa mchungaji, mkono. Lorine, mkono. Selpha naye akanyoosha wake. Mama akauangalia, akauacha ukining'inia hapo, akaweka kiganja chake juu ya kofia.

"Nakerai," akasema. Ewe mtoto. Akaongeza kwa Kimaasai kwamba akikua, atapewa mkono.

Selpha akafumba macho. Mwanamke mzima, mama wa watoto watatu, akavua kofia na kupiga magoti ili kiganja kimkae vizuri, akasema amina. Akina mama wa Kisaju waliziba midomo na shuka. Lorine akapiga picha.

Baadaye Selpha akanishika mkono akitaka kujua mama amemwambia nini.

"Amekuombea ukue," nikamwambia.

Akalia machozi ya furaha, maskini. Na toleo lililofuata akajiweka mbele kabisa, magotini, mkono wa mama utosini, na maandishi makubwa: MHARIRI ABARIKIWA. Hilo lilisomwa mpaka Bisil, watu wakishika mbavu. Mama alichaguliwa mwenyekiti bila mpinzani, na ile picha imebandikwa kwenye mlango wa chumba chao cha mikutano.